Sola ya Sabato

Mume wangu Manasseh hajui kusema uongo. Simsifu, nalalamika. Aliwahi kusimama kwenye mazishi ya jirani, akapewa nafasi ya kusema maneno mawili matatu ya kuwafariji wafiwa, naye akasema kwamba marehemu alikuwa mkulima hodari ila kanisani hakuonekana tangu wakati wa korona, na kama kuna mtu anayejua alitubu lini, basi asimame aseme. Hakusimama mtu. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimeishi naye miaka kumi na tisa hapa Nyacheki, yeye mzee wa kanisa la Sabato, mimi Mkatoliki wa Suneka niliyefuata ndoa, kwa hiyo nikianza kueleza habari hizi za sola, msomaji akumbuke ni mtu wa namna gani ninayemzungumzia.

Mama yake, Nyanchoka, alipika kwa kuni miaka sitini na moshi wote ukamkaa kifuani. Mwaka jana mapafu yakakataa. Alilazwa Kisii wiki tano, akatoka na mashine ya oksijeni: kisanduku cha kijivu chenye magurudumu, na mpira mwembamba unaotoka humo hadi puani. Daktari alituambia wazi kwamba mgonjwa anaweza kwenda popote penye umeme, mradi mashine ile isizimike. Kwetu stima hupotea karibu kila siku saa tisa alasiri, mvua ya radi inapoanza kutembea juu ya majani chai, na hurudi inapotaka. Basi Mama akapelekwa kwa binti yake Sheila mjini Kisii, kwenye ploti yenye jenereta.

Ilikuwa nyumba nzuri, ila haikuwa ya Sheila. Ilikuwa ya Anyona, mume wake, na kwetu Wagusii mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Hiyo ndiyo heshima tunayoiita chinsoni. Hapiti karibu na chumba chake, haketi kwenye kiti chake, hali naye meza moja. Maskini Anyona, mtu wa kuuza bima na mwenye tai, kila jioni alikuwa akichukua mfuko wake wa nguo na kwenda kulala kwa kaka yake ili mama mkwe apate kupumua. Naye Mama alikataa kochi. Alikaa jikoni kwenye kiti cha plastiki, mpira puani, akila kidogo sana ili asilazimike kwenda mara nyingi kwenye bafu ambalo mkwe wake pia hutumia. Tulipomtembelea alikuwa amekonda, na alisema neno moja tu la maana.

"Manasseh, nipeleke nyumbani. Nataka Sabato moja tu kwa nyumba yangu. Baadaye Mungu afanye vile anataka."

Jumapili iliyofuata alisafisha buti zake za mpira, akaniambia nivae, tukaenda Keroka kwa fundi wa sola.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke, Mokeira, mfupi, mwenye ovaroli ya buluu na kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Duka lake liko nyuma ya duka la mabati. Manasseh alianza kumweleza habari za mama, na kabla hajamaliza, Mokeira alikuwa ameshashika funguo za pikapu. Alisema hamuuzii mtu kitu ambacho mtu huyo hajakiona kikifanya kazi nyumbani kwa mwingine. Siku hiyo alituzungusha kwenye milima ya Kisii na Nyamira, na mimi niliyekaa dirishani nilikuwa kama mtu anayeota. Kila kona tulipopinda kulikuwa na paa jingine limebeba kipande cheupe cha anga, na chini yake mama fulani anaanika wimbi hana habari.

Nyumba ya kwanza ilikuwa pale pale Keroka, duka la vinywaji. Paneli zilikuwa juu ya paa, zimeungwa moja kwa moja na stima ya kampuni, bila betri. Mchana friji zinakula jua, na jua lisipotosha zinaongezewa na waya wa nje. Ni aina rahisi kuliko zote, Mokeira alisema, na kwa mtu anayetaka tu kupunguza matumizi, inatosha kabisa. Tulipewa soda. Hatujaifikisha nusu, stima ikapotea mtaa mzima, na friji zote zikanyamaza. Manasseh alitoka nje akaliangalia jua, likiwaka. Akaingia ndani akaziangalia friji. Mokeira akaeleza kwamba sola ya namna hii ikiona stima ya nje imelala, nayo hulala, kwa makusudi, ili fundi aliyepanda nguzo kurekebisha asipigwe na umeme unaotoka kwenye paa la mtu. Mume wangu aliipenda sababu hiyo, kwa kuwa ni mtu wa sababu. Ila alisema mama yake si soda.

Nyumba ya pili ilikuwa upande wa Nyamira, ya mwalimu mstaafu ambaye waya wa stima haujawahi kufika kwake. Huko kulikuwa na paneli na betri tu, sola inayojitegemea. Betri zilikuwa na chumba chao, kimefagiliwa, na mwalimu alitufungulia mlango taratibu ungedhani kuna mtoto amelala ndani. Alituambia kwamba zamani akiamka alikuwa anawasha redio kwanza, siku hizi anaangalia mawingu kwanza, kisha anaamua kama leo atapiga pasi. Mwezi wa saba ukungu ukikaa siku tatu, naye hukaa bila umeme siku tatu, na akishaishiwa huwasha mshumaa akalala mapema. Nilimpenda yule mwalimu. Ningeweza kuishi namna hiyo, mwenyewe nikiwa mzima. Lakini Mama hawezi kungoja ukungu uondoke ndipo avute pumzi.

Ya tatu ilikuwa zahanati ndogo ya mtu binafsi, barabara ya kurudi. Hapo paneli, betri na waya wa stima vyote vilikutana kwenye kisanduku cheupe ukutani, inverta, na kisanduku hicho ndicho kinachochagua: jua kwanza, likipungua betri, betri zikishuka stima ya nje. Mokeira aliiita sola ya mseto. Tulikaa kwenye benchi tukiitazama balbu. Baada ya muda nesi akapita akatuambia kwamba stima imepotea dakika kumi zilizopita. Balbu haikuwa hata imepepesa. Manasseh aliendelea kuitazama muda mrefu, mdomo wazi kidogo, na nikaona macho yake yamejaa maji.

"Hii," akasema.

Ndugu zake wote walichanga, hadi yule wa Mombasa ambaye huwa hapokei simu. Mokeira akaja kupima paa. Aliamua paneli zielekee mashariki, kwa kuwa kwetu alasiri ni ya mvua na jua la kutegemewa ni la asubuhi. Sasa akataka kujua ukubwa wa betri. Mashine ya Mama aliijua inakula kiasi gani, lakini alihitaji kujua nyumba yenyewe inakula kiasi gani kwa siku. Alimwelekeza Manasseh mahali pa kusoma kwenye mita ya stima: asome mara moja, aandike, na baada ya siku nzima asome tena. Alimwambia achague siku ambayo watu wote wako nyumbani.

Nilimwona akisoma. Sitajifanya sikumwona. Alisimama mbele ya mita na kitabu kidogo, jua likitua nyuma ya mikaratusi, akaandika, akafunga kitabu akaja kwenye ibada. Kesho yake jua lilipotua tena akasimama pale pale. Kwa mume wangu siku huanza jua likitua na kwisha jua likitua, ndivyo alivyolelewa, na siku ambayo watu wote wa nyumba yake wako nyumbani ni moja tu kwa wiki. Alisoma Ijumaa jioni na Jumamosi jioni. Kwake hakukuwa na siku kamili kuliko hiyo. Mimi nilimtania kwamba leo mzee wa kanisa anasoma mita badala ya Biblia, nikaenda zangu kupakua chakula kilichopikwa tangu jana.

Mokeira alipoona namba alishangaa. Alisema hajawahi kuona nyumba yenye watoto watatu na ng'ombe wawili inayotumia stima kidogo namna hiyo. Manasseh akajibu kwa unyenyekevu wenye majivuno ndani yake kwamba sisi si watu wa anasa.

Mama alirudi Ijumaa, saa kumi jioni, kwenye gari alilokodi Sheila. Mvua ilikuwa imekwisha kupita na kila jani la chai lilikuwa na tone lake. Tulimkalisha dirishani kwenye nyumba yake, ile ndogo aliyojengewa na marehemu mume wake, ambayo Mokeira alikuwa ameivutia waya kutoka kwetu. Mashine ikaanza: inavuta, inakaa kidogo, inapuliza. Stima ilikuwa imepotea tangu saa tisa na hakuna aliyejali. Alilala usingizi wa kwanza wa kweli baada ya miezi miwili, na asubuhi ya Sabato akaimba nyimbo mbili za kitabuni kwa sauti ndogo, akizikata mahali ambapo pumzi ilikwisha. Nilidhani tumemaliza.

Jumatatu usiku upepo uliangusha mkaratusi wetu wenyewe, mkubwa, ule niliokuwa nikisema kila mwaka ukatwe. Ulilalia nyaya ukavunja nguzo mbili, na mvua hiyo hiyo ikala barabara huko chini, lori la nguzo lisiweze kupanda. Tuliambiwa tungoje wiki kadhaa. Manasseh alisema hakuna neno, ndiyo maana ya mseto: kamba moja imekatika, mbili zimebaki.

Jumatano alasiri nilikuwa nafungia ndama niliposikia mlio ambao sikuwahi kuusikia, mwembamba, usiokatika. Ulikuwa unatoka kwa Mama. Betri zilikuwa zimekwisha na mashine ilikuwa inalia kabla ya kuzimika. Nilimkuta amekaa wima, midomo imegeuka rangi, ananitazama bila hofu, na hilo ndilo lililonitisha. Tulikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni ya akiba kutoka hospitali. Nilishindwa kufungua kifuniko, na Manasseh akakivunja kwa panga, mtungi ukamfikisha asubuhi.

Mokeira alifika kesho yake asubuhi kwa miguu kutoka mahali barabara ilipokatika, ovaroli imejaa matope hadi magotini. Alikagua paneli, alikagua betri, alikagua nyaya. Kila kitu kilikuwa kizima. Akauliza jana tulitumia nini. Nikaanza kumwambia: mashine ya kukatakata nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, pampu ya kuvuta maji kutoka chemchemi, pasi ya sare za watoto, jagi ya stima ya chai ya wachumaji, televisheni. Aliacha kuandika.

"Mzee, ile namba ya mita ulisoma siku gani?"

"Siku ile watu wote tulikuwa nyumbani. Vile ulisema."

"Ndiyo, lakini siku gani?"

"Sabato," akasema Manasseh, na neno lilipomtoka nikaona ameelewa, maana uso ulimshuka mara moja.

Siku ya Sabato hatukati nepia, hukatwa Ijumaa. Maji huvutwa Ijumaa, nguo hupigwa pasi Ijumaa, chakula hupikwa Ijumaa, televisheni hufunikwa kitambaa. Mokeira alikuwa ametujengea sola ya nyumba inayopumzika. Mume wangu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kushika kichwa. Nilitaka kumkasirikia, nikakumbuka nilivyokuwa nimesimama pale nikimtania, Mkatoliki mzima niliyepaswa kuwa na jicho la nje, kumbe miaka kumi na tisa ilikuwa imeniingia kwenye damu na mimi pia nilikuwa nimeona ni siku kama siku nyingine.

Mokeira hakumcheka. Alisema betri za kuongeza zitamchukua mwezi kuzipata, na hata zikipatikana hazitapanda barabara ile. Hadi hapo, yaliyopo yanatosha mashine ya Mama na taa, iwapo nyumba itaishi vile ilivyoishi siku ile ya kupima. Kama hatuwezi, basi tumrudishe mgonjwa Kisii.

Mama alikuwa amesikia yote dirishani. Aliangalia tu mikono yake, akaikunja mapajani kama alivyokuwa akiikunja jikoni kwa Anyona, na nikajua anajiandaa kurudi kwenye kile kiti cha plastiki.

"Haendi," nikasema. "Tutaishi hivyo."

Tukaishi hivyo. Nepia tulikata kwa panga, nyuma ya zizi, mbali. Maji tulibeba kwa mitungi kutoka chemchemi. Nilifukua pasi ya makaa iliyokuwa imeliwa na kutu. Chai ya wachumaji ilirudi kwenye kuni, katika jiko la chini, moshi usimfikie Mama. Televisheni ikafunikwa kitambaa na watoto wakanung'unika siku mbili, kisha wakazoea, hata wakawa wananong'ona bila kuambiwa. Sikujua nyumba yetu ilikuwa na kelele kiasi gani hadi kelele zilipokwisha. Asubuhi ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, unapita juu ya chai, unazilamba paneli na kuendelea, na nyuma yake jua likija, na katika ukimya wote ule ulisikia kitu kimoja tu, mashine ikivuta, ikikaa, ikipuliza. Wakati mwingine nilijikuta nimesimama na mtungi kichwani nikipumua pamoja nayo.

Mama akaanza kuchanganya siku. Daktari alikuwa ametuonya kwamba akili yake ingeweza kwenda na kurudi. Ijumaa asubuhi nilimkuta amejifunga kitambaa chake cheupe cha kanisani na kitabu cha nyimbo kiko mapajani. Alimwita mwanawe.

"Manasseh, leo ni Sabato?"

"Hapana, Mama. Leo ni Ijumaa. Ni kesho."

Akakifungua kile kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka kando. Uso wake nisingependa kuuona tena. Jumapili aliuliza, akajibiwa ni Jumapili. Jumatatu aliuliza, akajibiwa ni Jumatatu. Kila mara kitambaa kilikunjwa, na kila siku alichelewa zaidi kula. Nilimvuta mume wangu pembeni ya ghala nikamwambia kwamba ukweli wake siku moja utamuua mtu. Alikuwa ameshavaa koti la mvua, kikapu mgongoni, anaenda kuchuma.

Jumanne Mama aliuliza tena. Kitambaa kichwani, kitabu mapajani. Nilikuwa mlangoni na uji. Manasseh alisimama mbele yake na kikapu, na alichelewa kujibu hata uji ukaanza kupoa.

"Leo ni Sabato?"

"Ndiyo, Mama."

Alisema kwa sauti ya chini kabisa. Mama akatabasamu, akanyoosha mkono kwa ajili ya uji. Na yule mume wangu alitoka nje, akatundika kikapu kwenye msumari, akavua buti, akanawa, akaingia chumbani, akatoka na suti yake ya kijivu na tai. Jumanne asubuhi, chai imekomaa, lori la kiwanda linafika saa saba kule chini barabara ilipokatika. Nikamuuliza anafanya nini.

"Nikimwambia ni Sabato alafu niende kazi, hiyo ni kumdanganya," akasema. "Nikiiweka kweli kama Sabato, sijamdanganya."

Nikamkumbusha kwamba Mungu huyo huyo alisema siku sita ufanye kazi.

"Huyo nitaongea naye mwenyewe."

Basi nikachukua kikapu nikaenda kuchuma mimi, na hasira zangu zote zikaishia kwenye majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, hadi mstari wa mwisho. Siku ya kwanza nilimtukana kwa moyo. Siku ya pili nilimtukana kidogo. Siku ya tatu nilipita chini ya dirisha nikamsikia Mama akimsimulia kwamba hii chai yote aliipanda akiwa na yeye mgongoni, na kwamba alipokuwa analia alimpa jani la chai alishike, akanyamaza. Mume wangu ana miaka arobaini na minane na hakuwahi kusikia habari hizo. Wakati gani angezisikia? Sabato za kweli yeye huwa kanisani tangu asubuhi, anahesabu viti na kusuluhisha waimbaji, na siku nyingine yuko shambani. Sasa alikuwa amekaa na mama yake, suti, miguu bila viatu, kila siku, na nilianza kuogopa kwamba lori la nguzo litafika na kelele zote zirudi.

Mchana mmoja nilipita na kikapu kilichojaa, nimelowa, na Mama akaniona. Tangu niolewe alikuwa ananiita mokamwana, mke wa mwanangu, na hakuwa amenisamehe kabisa ile rozari niliyokuja nayo. Siku hiyo aliita jina langu.

"Jemimah, kazi siku ya Sabato? Tua hiyo kitu. Keti."

Nikatua kikapu. Nikaketi sakafuni karibu na mashine na maji yakinitiririka, na yeye akaweka mkono wake juu ya kichwa changu kilicholowa, akauacha hapo. Lori la kiwanda lilipiga honi kule chini, likangoja, likaondoka. Chai ya siku hiyo ilikauka ndani ya kikapu. Nililia na sikuificha, na mume wangu akaangalia nje ya dirisha ili niendelee.

Mama alikufa Jumatano, mwendo wa saa nne asubuhi. Ukungu ulikuwa umepanda mapema na jua lilikuwa limezijaa paneli zote. Alikuwa amemaliza uji. Alimuuliza Manasseh kama leo ni Sabato, akajibiwa ni Sabato, akasema vizuri, akaegemea. Mashine iliendelea kupuliza kwa muda mrefu baadaye. Hakuna aliyetaka kuizima. Nilienda kuangalia kisanduku cha ukutani, sijui nilikuwa natafuta nini, nikakuta betri zimejaa kabisa.

Nguzo zilifika Jumatatu, nasi tukamzika Alhamisi, upande wa kushoto wa nyumba yake. Anyona alikuja, akasimama mbali kama inavyompasa mkwe, akalia kuliko watoto wote. Mokeira alikuja kutoka Keroka akiwa amevaa gauni, nikakaribia kupita bila kumtambua. Watu walijaa hadi kwenye chai. Pasta akasoma historia ya marehemu kutoka kwenye kile kijitabu tulichochapisha Kisii: kuzaliwa, kuolewa, ubatizo, watoto, na kwamba alilala katika Bwana siku ya Jumatano.

Manasseh akaitwa kusema neno kwa niaba ya familia. Nikaona vichwa vikiinuka kila mahali, maana wote walikumbuka ule msiba mwingine, na mimi mwenyewe nilishika kiti kwa mikono miwili. Alisimama pale na suti ile ile, imechakaa magotini kwa kuvaliwa kila siku.

"Pasta amesoma Jumatano," akasema. "Sisemi karatasi ni mbaya. Lakini mama yangu alilala siku ya Sabato. Nilikuwa hapo."

Kisha akaketi. Umati wote ule ulijua ilikuwa Jumatano. Nusu yao walikuwa wameniona asubuhi ya siku ile nikichuma. Pasta alikiangalia kijitabu, akamwangalia mume wangu. Nikasimama mimi, Mkatoliki wa Suneka, nikasema Amina, kwa sauti ya kufika barabarani.